Taarifa Apelekewe Nani? Msuko wa Riwaya za Polisi Mafisadi na Historia Iliyouzaa

Kila msomaji wa riwaya za upelelezi analijua swali la kwanza: nani kaua? Swali hilo limewalisha waandishi na wachapishaji tangu Edgar Allan Poe alipochapisha hadithi yake ya mauaji ya mtaa wa Rue Morgue mwaka 1841. Leo nataka kulijadili swali la pili, lililozaliwa baadaye, ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi kwa raia: mtu akishamjua muuaji, ampelekee nani taarifa? Swali hili ndilo uti wa mgongo wa riwaya na filamu zinazohusu ufisadi ndani ya polisi, nalo ndilo lililougeuza msuko wa hadithi ya uhalifu kuanzia mizizi yake.

Msuko wa awali ni rahisi kuueleza. Kuna utulivu, uhalifu unauvunja, mpelelezi mwenye akili anakusanya dalili, mhalifu anatajwa, utulivu unarejea. Sherlock Holmes, aliyejitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1887, huwadharau maofisa wa Scotland Yard kwa ugumu wao wa kufikiri, lakini hadithi inapokwisha huwakabidhi mhalifu wao, wala msomaji hana shaka kwamba pingu zitafungwa na mahakama itahukumu. Polisi anaweza kuwa mjinga. Kuwa mwizi hawezi. Msuko wote unasimama juu ya dhana isiyotamkwa kwamba dola ni safi na uchafu ni wa mtu mmojammoja.

Aliyeivunja dhana hiyo kwa kishindo ni Mmarekani Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuandika alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton. Katika riwaya yake ya Red Harvest, iliyotoka mwaka 1929, tajiri anayeumiliki mji mzima amewaleta majambazi ili wauvunje mgomo wa wafanyakazi. Mgomo umevunjika, lakini majambazi wamekataa kuondoka, na mkuu wa polisi ni mbia wao. Mpelelezi anayeingia katika mji huo anaona mara moja kwamba kumjua mhalifu hakumsaidii kitu, kwa sababu hakuna mlango wa kubisha. Hapo msuko unapata tabaka mbili: hadithi inayoonekana, ambayo imo katika majalada ya polisi, na hadithi iliyofichwa, ambayo hao hao wenye majalada wanailinda.

Muundo huu ulifikia ukomavu katika L.A. Confidential, riwaya ya James Ellroy ya mwaka 1990, iliyotengenezwa filamu na Curtis Hanson mwaka 1997. Ili kuuelewa msuko wake, ni lazima kwanza kuielewa historia ya mji wenyewe.

Los Angeles ilikuwa na sifa mbaya ya muda mrefu. Mwaka 1938 ofisa wa polisi alipatikana na hatia katika shambulio la bomu lililotegwa kwenye gari la mpelelezi binafsi aliyekuwa akichunguza ufisadi wa viongozi wa jiji, na kabla ya mwaka huo kwisha wapigakura walimwondoa meya Frank Shaw madarakani. Mwaka 1949 ikalipuka kashfa nyingine, ya maofisa waliodaiwa kuyalinda madanguro kwa malipo, na mkuu wa polisi akaondoka. Mwaka 1950 uongozi ulichukuliwa na William Parker, mtu wa nidhamu kali, aliyejinadi kuwa amekuja kujenga idara ya weledi isiyonunulika. Wakati huohuo kipindi cha Dragnet, kilichoanza redioni mwaka 1949 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1951, kilikuwa kikiwaonyesha Wamarekani polisi wa Los Angeles mtulivu, mwadilifu, asiyetaka chochote ila ukweli. Idara ilishirikiana kwa karibu na watayarishaji. Taswira ilikwisha jengwa.

Ndipo ikaja Krismasi ya mwaka 1951. Vijana saba, watano wakiwa wa asili ya Meksiko na wawili Wazungu, walikamatwa baada ya ugomvi na polisi wawili mkesha wa sikukuu. Katika kituo kikuu maofisa walikuwa wakisherehekea na kunywa. Ukazuka uvumi kwamba mmoja wa wenzao amepoteza jicho katika ugomvi ule, uvumi ambao haukuwa wa kweli, na kundi kubwa la maofisa waliolewa likawatoa mahabusu na kuwapiga hadi kuwavunja mifupa. Kwa majuma kadhaa umma ulisimuliwa habari kwa mdomo wa polisi peke yake. Shinikizo la jamii ya Wameksiko wa mji huo na la magazeti ndilo lililoifikisha kesi mahakamani. Hatimaye maofisa wanane walishtakiwa na watano wakapatikana na hatia. 54 walihamishwa na 39 wakasimamishwa kazi kwa muda. Tukio hilo likabaki katika historia kwa jina la Krismasi ya Damu.

Ellroy ameliweka tukio hili karibu na mwanzo wa riwaya yake, na filamu nayo ikafuata. Hapa ndipo ninapouona ustadi wa msuko: kipigo cha Krismasi hakikuwekwa kama pambo la mandhari, kimewekwa kama chanzo. Ofisa kijana, Ed Exley, anakubali kutoa ushahidi dhidi ya wenzake na analipwa cheo. Ofisa mkongwe anafukuzwa kazi ili idara ionekane imejisafisha. Katika filamu, mkongwe huyo baadaye anakutwa miongoni mwa maiti katika mgahawa uitwao Nite Owl. Mbuzi wa kafara wa sura ya kwanza ndiye maiti wa sura ya pili, na msomaji makini anapaswa kujiuliza: ikiwa usafishaji ule ulikuwa wa kweli, mbona damu imezidi?

Badala ya mpelelezi mmoja, msuko una watatu. Exley anataka cheo na haki kwa pamoja. Bud White ni mtu wa ngumi anayewachukia wanaume wanaowapiga wanawake. Jack Vincennes ni mshauri wa kipindi cha televisheni kinachofanana sana na Dragnet, na pembeni anapokea fedha kutoka kwa mhariri wa gazeti la udaku. Kila mmoja ameshika kipande kimoja cha ukweli, na kwa kuwa wanachukiana, vipande havikutani. Huu ni ufahamu mkubwa kuhusu namna ufisadi unavyodumu. Hauhitaji kila mtu awe mshiriki. Unahitaji tu waadilifu wasiaminiane.

Kisha linakuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha msuko huu: suluhisho la uongo katikati ya hadithi. Vijana watatu weusi wanakamatwa kwa mauaji ya Nite Owl, wanatoroka, wanauawa. Exley anavishwa nishani, magazeti yanashangilia, jalada linafungwa. Katika msuko wa kale hapo ndipo mwisho. Katika msuko huu ni nusu ya safari, na ule utulivu uliorejea ndio unaotisha, kwa sababu watu waliouawa walikuwa wamebambikiwa kesi.

Katika filamu, ukweli unafichuka kwa jina moja tu. Exley amempa jina la kubuni, Rollo Tomasi, mhalifu asiyejulikana aliyemuua baba yake na kutoroka na haki. Siri hiyo amemwambia Vincennes peke yake. Vincennes anapeleka alichokigundua kwa mkubwa wake, Kapteni Dudley Smith, na anapigwa risasi papo hapo, kwa maana kapteni ndiye kiongozi wa genge linalotaka kurithi biashara ya dawa za kulevya mjini. Akikata roho, Vincennes analitamka jina lile. Kapteni, bila kujua uzito wake, anamuuliza Exley ni nani huyo. Swali hilo linamwanika. Tazama jinsi msuko unavyojibu swali letu la pili: Vincennes alifuata utaratibu, alipeleka taarifa ngazi ya juu, na ngazi ya juu ndiyo iliyomuua.

Mwisho wa filamu na mwisho wa riwaya havifanani. Katika filamu Exley anampiga risasi Dudley mgongoni, jambo ambalo mwanzoni alikuwa ameapa kwamba hawezi kulifanya. Wakubwa wanakaa, wanapima aibu, wanaamua marehemu atangazwe shujaa, na Exley anaukubali uongo huo kwa kupewa nishani nyingine. Kwa lugha yetu: funika kombe mwanaharamu apite. Katika riwaya Dudley hafi wala hafungwi. Anaendelea na kazi hadi katika kitabu kinachofuata, White Jazz cha mwaka 1992. Mwandishi amekataa kumpa msomaji faraja ambayo historia haikuitoa. Riwaya hiyo ilipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, Machi 1991, kamera ya raia ilinasa polisi wa Los Angeles wakimpiga Rodney King. Mwaka 1999 ikaja kashfa ya kituo cha Rampart, ambapo ofisa aliyekamatwa alikiri kwamba walikuwa wakiwabambikia watu ushahidi, na hukumu zaidi ya mia moja zikafutwa.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, hadithi za namna hii haziivunji imani ya raia kwa polisi, ambao wengi wao ni watu waadilifu wanaoishi kwa mishahara midogo? Jibu ninalipata New York. Frank Serpico, polisi wa kawaida, alihangaika kwa miaka kuwapelekea wakubwa zake taarifa za hongo bila kusikilizwa. Ilibidi habari itoke katika gazeti la New York Times, Aprili 1970, ndipo meya akaunda Tume ya Knapp. Tume ile ilikataa maelezo kwamba tatizo ni maofisa wachache waliooza. Iliwagawa wapokea hongo makundi mawili: wala majani, wanaopokea kidogo kinachokuja chenyewe, na wala nyama, wanaowinda. Hatari kubwa, tume ilieleza, iko kwa wala majani, kwa kuwa wingi wao unaifanya hongo ionekane heshima na anayesema ukweli aonekane msaliti. Wahenga wetu walishasema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Msuko unaomsimamisha ofisa mwadilifu peke yake katikati ya tenga hilo haumdhalilishi. Unaonyesha gharama anayoilipa.

Tanzania nayo ilipata waraka wake wa aina hii mwaka 1996, pale Tume ya Jaji Warioba ilipochunguza kero ya rushwa. Nayo ilitofautisha makundi mawili: wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi, na wakubwa wanaopokea kwa ulafi. Polisi walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Hata hivyo riwaya zetu pendwa zilikuwa zimechukua njia nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni ndugu wa Holmes. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wanapambana mara nyingi na adui wa nje: majasusi wa wakoloni na wa makaburu. Silaumu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na adui huyo alikuwapo kweli. Lakini msuko unaomweka adui ng'ambo ya mpaka humzoesha msomaji kuamini kwamba ofisi ya nyumbani ni salama daima, na miaka ya ukombozi ilipokwisha tulibaki na msuko usio na adui na adui asiye na msuko.

Hili si suala la wahakiki wa fasihi pekee. Raia husoma habari kwa msuko aliozoezwa. Aliyezoea msuko wa kale, akisikia dagaa watatu wamekamatwa na mkubwa ametoa pongezi, hulikunja gazeti akiridhika. Aliyesoma msuko wa pili huuliza maswali ya katikati ya hadithi: nani kafaidika jalada kufungwa mapema? Anayechunguza anawajibika kwa nani? Papa yuko wapi? Na yule ofisa mdogo aliyekwenda ngazi ya juu na taarifa yake, leo yuko kituo gani? Jamii isiyo na chombo cha kupokea taarifa nje ya ngazi ileile inayolalamikiwa inamwachia ofisa huyo njia mbili tu, ya Vincennes au ya Exley: kufa na ukweli, au kuvaa nishani ya uongo. Kazi ya waandishi wetu ni kuuandika msuko huo kwa mazingira yetu, na kazi ya wabunge wetu ni kumfungulia ofisa yule mlango wa tatu.