Lugha ya wavuti iliyokataa kuwa programu

Oktoba 10, 1994, Håkon Wium Lie wa Norway, akiwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo la kuwawezesha waandishi wa kurasa za wavuti kuchagua rangi, herufi na nafasi. Mholanzi Bert Bos akaungana naye. Kazi yao ndiyo CSS, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Desemba 17, 1996.

Mwaka huohuo Netscape, kampuni iliyoleta lugha ya programu ya JavaScript mwaka 1995, ilitaka mitindo ya kurasa nayo iandikwe kwa JavaScript, pamoja na masharti na hesabu zake zote. W3C haikuipitisha. Netscape ikaitia hata hivyo katika toleo la 4 la kivinjari chake, na CSS ya kawaida ikatekelezwa kupitia njia hiyohiyo: mtumiaji alipozima JavaScript, mapambo yote ya CSS yalitoweka.

W3C ilifanya vyema, na anayenufaika zaidi ni mtu asiyejua programu. Katika CSS anaandika tu kwamba vichwa vya habari viwe vyekundu. Namna ya kuvipaka rangi ni kazi ya kivinjari. Akikosea neno, kivinjari hukiacha kipande kile na kuendelea na kinachofuata, na maandishi yanabaki yanasomeka. Katika JavaScript, bano moja lililosahaulika laweza kuizuia skripti nzima. Mchoraji au mhariri wa gazeti hujifunza haraka zaidi pale ambapo kosa moja haliangushi kazi yote. Mwaka 2003 Dave Shea wa Kanada alianzisha CSS Zen Garden, ambako wabunifu waliuvika ukurasa mmoja sura nyingi zisizofanana hata kidogo, bila kugusa HTML yake, yaani maandishi na muundo wake.

Si kwamba CSS ni nyepesi. Amri mbili zikigongana, kujua ipi inashinda kunawasumbua hata wazoefu, na kwa miaka mingi kupanga safu za ukurasa kulihitaji hila. Mwaka 2008 Bos mwenyewe aliandika kupinga vibadilika, yaani majina yanayobeba thamani, kuingizwa katika CSS, akihofia kwamba vingewachanganya watu wa kawaida. Leo vimo katika vivinjari vyote vikubwa.

Hata hivyo, hakuna anayelazimika kuvitumia. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kutengeneza ukurasa wao wa kwanza awape HTML na CSS, waone kazi ya mikono yao. JavaScript isubiri.