Kosa la Mfalme Edipode

Katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alipotafakari ni mtu wa namna gani anayewatoa machozi watazamaji wa tanzia, aliona kwamba si mwema aliyetakasika, maana maangamizi yake hukirihisha tu, wala si fasiki, maana huyo akiangamia watu hushukuru. Bali ni mtu wa katikati, mwenye cheo na heshima, aporomokaye pasipo ufisadi wa moyo, kwa sababu ya kosa kubwa alilolitenda. Kosa hilo ndilo ambalo vitabu vya shule huliita dosari ya shujaa, na katika kupokezana fikra hiyo kizazi baada ya kizazi, dhuluma kubwa imemfika mtu mmoja.

Naye ni Oedipus, mfalme wa Thebes, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa jina la Edipode tangu 1971, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles ilipochapishwa. Edipode alilelewa Corinth akidhani ndiko kwao, na alipopewa habari huko Delphi kwamba atamuua babaye na kumwoa mamaye, alifanya ambalo mwana yeyote mwenye imani angelifanya: akaihama nyumba ile asirudi tena. Kwenye njia panda mzee mmoja aliyepanda gari alimpiga kichwani, naye akalipiza kwa pigo la kuua. Kumbe ndiye Laius, babaye wa damu. Akaukomboa mji wa Thebes, akapewa ufalme wa Laius pamoja na mjane wake, ambaye ndiye mamaye, na tauni ilipoingia akaapa kumfichua muuaji wa Laius, kwa kuwa raia zake walikuwa wakifa, na hata mkewe alipomsihi aache kuuliza hakukubali, kwa kuwa alitaka kuujua ukweli. Hapo ufasiki uko wapi?

Kitabu cha Aristotle chenye fikra ile ya kosa la shujaa kilifika Baghdad, ambako Abu Bishr Matta alikigeuza kutoka Kisiryani kuwa Kiarabu katika karne ya kumi, na baadaye Ibn Rushd wa Cordoba akakiandikia sharhi. Ibn Rushd, ambaye hakupata kuiona tamthilia ya Kiyunani ikichezwa, aliifahamu tanzia kuwa ni ushairi wa madhi, wa kuwasifu watu wenye fadhila, na futuhi kuwa ni hija, ushairi wa kuwakashifu waovu. Simlaumu, kwani alikisoma kitabu cha ugenini kwa nuru ya kasida alizozijua, na nuru hiyo haikuwa haba. Sharhi yake ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo mwaka 1256, na kwa muda mrefu wanazuoni wa Ulaya walimjua Aristotle wa ushairi kwa njia hiyo.

Lawama yangu ni kwa waliokuja baadaye, wakiwa na maandiko ya Kiyunani mikononi. Mwaka 1692 André Dacier wa Ufaransa alimhesabia Edipode kiburi, ukali, hasira na pupa, akayafanya hayo kuwa ndiyo sababu ya msiba wake. Mwaka 1904 A. C. Bradley, akiwachambua mashujaa wa Shakespeare, aliitafuta ila ndani ya tabia zao, na kwa Macbeth kipimo hicho kinafaa, kwani alimuua mgeni wake usingizini akijua atendalo. Lakini walimu wakakichukua kipimo hicho wakampimia kila shujaa. Hata E. R. Dodds, mwalimu wa Kiyunani wa Oxford, alipoandika mwaka 1966 juu ya majibu ya wanafunzi katika mtihani, alikuta wapo walioshikilia kwamba Edipode alistahili adhabu kwa kumfanyia ukali shemejiye Creon.

Sophocles mwenyewe alikwisha kulijibu shauri hili. Katika tamthilia aliyoitunga uzeeni, iliyochezwa mwaka 401 kabla ya Nabii Isa yeye akiwa amekwisha kufariki, Edipode, kipofu na mhamishwa, anasimama Colonus mbele ya wazee wa mji, akajitetea kwamba alimuua aliyetaka kumuua, kwamba hakujua ni nani, na kwamba mbele ya sheria hana hatia.