Mungu na Kalenda ya Lisbon

Mvua za Aprili 2024 zilimchukua mtoto wa jirani yetu, mtaani kwetu kando ya mto. Kwenye mazishi, mhubiri alituambia Mungu hakosei saa: mafuriko yamekuja wakati huu kwa sababu ya dhambi za taifa. Watu wakaitikia amina. Mimi nilimtazama mamake marehemu. Hakuitikia. Nikajiuliza, sasa huyu anaambiwa nini? Ati mtoto wake ndiye aliyelipa deni letu sote?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Lisbon, jiji kuu la Ureno, nchi ileile iliyoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593.

Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote. Kabla ya saa nne asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa imewashwa, ardhi ilitikisika. Mapaa yakawaangukia waumini. Mishumaa na meko vikawasha moto uliowaka siku kadhaa. Waliokimbilia ukingo wa mto Tagus wakidhani ndiko salama walifuatwa huko na mawimbi ya bahari. Walikufa maelfu kwa maelfu.

Siku takatifu, saa ya misa, katika jiji la Kikatoliki: lazima kulikuwa na ujumbe. Shida ni kwamba kila mtu alisoma wake. Padri Mjesuti, Gabriel Malagrida, alichapisha kijitabu mwaka 1756 akisema chanzo ni dhambi za watu wa Lisbon, na akawakemea waliohangaika kujenga vibanda badala ya kutubu. Huko Uingereza, mhubiri John Wesley naye aliona hukumu ya Mungu, lakini yeye aliikumbuka damu iliyomwagwa na Baraza la Kuhukumu Wazushi. Kila upande ulimkuta Mungu amewakasirikia walewale ambao wao wenyewe walikuwa wamewakasirikia tangu zamani.

Na tetemeko halikuishia kwa Wakristo. Liliipiga Moroko pia, likauharibu msikiti wa Hassan mjini Rabat. Huko haikuwa Siku ya Watakatifu Wote. Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine.

Serikali ya Ureno iliuliza maswali ya aina nyingine. Chini ya waziri ambaye baadaye alijulikana kama Marquês de Pombal, orodha ya maswali ilitumwa kwa kila parokia. Mtikisiko ulichukua muda gani? Bahari ilipanda au ilishuka kwanza? Wamekufa wangapi? Ardhi ilipasuka wapi? Waliojibu ni mapadri wenyewe, na majibu yao yanasomwa na wanasayansi hadi leo. Nyumba mpya za katikati ya jiji zikajengwa na fremu za mbao ndani ya kuta, ili zistahimili mtikisiko.

Simsifu Pombal kama mtu mwema. Mwaka 1761 Malagrida alinyongwa na mwili wake ukachomwa hadharani kwa kosa la uzushi, na baraza lililomhukumu lilikuwa chini ya ndugu yake Pombal. Lakini yale maswali yalikuwa mazuri.

Mimi bado naamini Mungu yupo. Nisichoamini tena ni kwamba tarehe ya msiba ni barua yake kwetu, na kwamba mtu aliye salama ndiye wa kuwasomea waliofiwa.

Wiki mbili baada ya mazishi nilienda kumjulia hali yule mama. Akaniuliza, "Kwani mwanangu alikosa nini?"

Nikamwambia, "Hakukosa kitu, mama." Kisha, kwa kuwa sikuwa na lingine la kusema, nikamuuliza maji yalifika saa ngapi.

Alikumbuka yote. Saa nane kasoro usiku. Yalikuja kutoka upande wa mtaro ulioziba, si wa mto. Yalifika kwenye kitasa cha mlango kabla hajapata tochi. Mtaro huo wenyeji walikuwa wameulalamikia tangu mwaka uliopita.

Nikaomba karamu na karatasi, nikaandika. Aliongea karibu saa nzima. Tangu msiba utokee, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.