Kushinda na Kupita: Historia Fupi ya Ubishi wa Mashabiki juu ya Vilabu vya Ulaya

1. Utangulizi

Piana-Mwanga ni mahali panapojulikana kwa maporomoko ya mto Luvua na kwa kituo cha umeme kilichojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji ili kuendesha migodi ya bati ya Manono. Mgeni anayefika huko kutoka Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, hatakawia kusikia ubishi ambao husikika pia Lubumbashi, Kigoma na Mombasa: je, ligi ipi ya Ulaya ina nguvu kushinda nyingine? Mmoja hutetea Hispania, mwingine Uingereza. Mzee mmoja atakumbusha enzi za Italia, na kijana atamjibu kwamba enzi hizo zimepita.

Aghalabu wasomi huupuuza ubishi huu. Wengine huuona kuwa ni kupoteza wakati, na wengine kuwa ni dalili ya akili iliyotekwa na televisheni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubishi huu una historia, na kwamba Kongo imo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo. Hoja yetu kuu ni kwamba swali la mashabiki lina maswali mawili ndani yake, ambayo lugha yetu huyaunganisha katika kitenzi kimoja. Kuyatenganisha maswali hayo ni kazi ya historia.

2. Kitenzi kimoja, maana mbili

Katika Kiswahili sanifu kulinganisha vitu viwili kwa kawaida hufanywa kwa neno *kuliko*. Katika Kiswahili cha Katanga, na hata ng'ambo ya ziwa, watu husema pia *kushinda* au *kupita*: mlima huu ni mrefu kushinda ule. Neno hilohilo ndilo linalotumika kwa timu iliyoifunga nyingine. Kwa hiyo anayesema "Real Madrid ni bora kushinda Liverpool" ameshaleta uwanja wa mchezo ndani ya sarufi. Kuwa bora na kumfunga mwenzako vimekuwa jambo moja.

Neno *mpira* nalo linatufundisha. Ni jina la mmea utoao utomvu, la kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo, na la mchezo wenyewe. Klabu mashuhuri ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges, baadaye ilichukua jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la matairi ya magari. Mpira wa miguu ukachukua jina la mpira wa gurudumu. Kisha klabu hiyo ikajiongezea sifa ya "Tout Puissant", yaani Mwenye Nguvu Zote, na ndiyo inayojulikana leo kama TP Mazembe. Suala la nguvu, basi, halikuletwa kwetu na televisheni. Limo katika jina la klabu yetu wenyewe.

3. Ubishi uliozaa kombe

Ni vema kukumbuka kwamba Kombe la Vilabu Bingwa vya Ulaya lenyewe lilizaliwa na ubishi wa namna hii. Desemba 1954 klabu ya Wolverhampton ya Uingereza iliifunga Honvéd ya Hungaria, iliyokuwa na Puskás, mabao 3-2. Magazeti ya Uingereza yakaitangaza Wolverhampton kuwa bingwa wa dunia. Mwandishi Mfaransa Gabriel Hanot wa gazeti la L'Équipe alikataa. Alisema kwamba ushindi mmoja nyumbani hautoshi, na akapendekeza mashindano ambamo vilabu vitakutana nyumbani na ugenini. Mashindano hayo yalianza msimu wa 1955-56, na Real Madrid ikatwaa makombe matano ya kwanza mfululizo.

Tangu hapo nguvu imehama mara nyingi. Vilabu vya Uingereza vilitwaa kombe hilo miaka sita mfululizo, 1977 hadi 1982. Baada ya maafa ya uwanja wa Heysel mwaka 1985 vikafungiwa, navyo havikurudi mpaka 1990. Kuanzia 1992 hadi 1998 hapakuwa na fainali hata moja bila klabu ya Italia. Kisha ikaja zamu ya Hispania, ambayo vilabu vyake vilitwaa kombe kila mwaka kuanzia 2014 hadi 2018. Mzee anayeitetea Italia na kijana anayeicheka, kila mmoja anasema kweli ya wakati wake.

4. Kongo katika mizani

Katika miaka ya 1950 swali la nguvu za Ulaya lilijibiwa kwa miili ya watu. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon, kisha La Gantoise ya Ubelgiji. Paul Bonga Bonga alichezea Standard ya Liège, klabu iliyofika nusu fainali ya Ulaya mwaka 1962 na kutolewa na Real Madrid. Julien Kialunda alichezea Union Saint-Gilloise na Anderlecht. Nchini mwao watu hawa walitawaliwa. Uwanjani Ubelgiji walihesabiwa kwa mabao na pasi. Katikati ya miaka ya 1960 utawala wa Mobutu uliwaita baadhi yao warudi nyumbani, na muda si mrefu matunda yakaonekana. Englebert ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968, na mwaka huohuo wa 1968 timu ya taifa ikatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0. Vita Club ya Kinshasa ikawa bingwa wa vilabu mwaka 1973, na mwezi Machi 1974 taifa likatwaa kombe la pili huko Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao tisa.

Miezi mitatu baadaye Zaire ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Wachezaji wote walitoka vilabu vya nyumbani. Walifungwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazili 3-0. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walikuwa wamenyimwa malipo waliyoahidiwa, na kwamba walicheza wakiwa na hofu. Hata hivyo, katika kumbukumbu za wengi ile tisa kwa bila imebaki kama hukumu: Ulaya ina nguvu, sisi hatuna.

Historia hairuhusu hukumu nyepesi kiasi hicho. Katika kundi hilohilo Scotland haikufungwa na mtu yeyote, lakini ilitolewa, kwa sababu iliifunga Zaire mabao mawili tu wakati wenzake walifunga zaidi. Timu ambayo haikushindwa haikupita. Hapa vitenzi viwili ambavyo lugha yetu huvitumia kwa maana moja ya kulinganisha vilitengana mbele ya macho ya dunia.

5. Sheria iliyobadili maana ya nguvu

Mwaka 1967, wakati Englebert ilipotwaa kombe lake la kwanza la Afrika, Celtic ya Scotland ilitwaa kombe la Ulaya ikiwa na wachezaji waliozaliwa wote Glasgow na jirani yake. Steaua ya Bucharest mwaka 1986 na Red Star ya Belgrade mwaka 1991 zilishinda kwa namna inayokaribiana na hiyo, kwa vijana waliolelewa katika nchi zao. Wakati huo kusema "kandanda ya Rumania ina nguvu" kulikuwa na maana iliyo wazi: watu, mafunzo na klabu vilitoka mahali pamoja.

Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji Mbelgiji aliyezuiwa na klabu yake ya Liège kuhamia Ufaransa. Mahakama iliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuhama bila klabu yake kudai fedha, na kwamba vilabu visiwekewe idadi ya raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Fedha za televisheni nazo zilikuwa zimeanza kumiminika, kwani Ligi Kuu ya Uingereza na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya zote mbili zilianza na majina hayo mwaka 1992. Mambo haya mawili yalipokutana, wachezaji walikwenda mahali penye fedha. Kuanzia fainali ya 1996 hadi ile ya 2025, klabu moja tu kutoka nje ya Hispania, Uingereza, Italia, Ujerumani na Ufaransa ilitwaa kombe hilo, nayo ni Porto ya Ureno mwaka 2004.

Matokeo yake yanaonekana vizuri katika Inter ya Milano. Ilipoifunga Bayern mwaka 2010 katika fainali ya Ulaya, hapakuwa na Mwitalia hata mmoja kati ya wachezaji kumi na mmoja walioanza mchezo. Je, hiyo ilikuwa nguvu ya Italia? Ilikuwa nguvu ya kukusanya, ambayo si sawa na nguvu ya kuzaa.

6. Vipimo vya mashabiki

Tukiyasikiliza mabishano kwa makini tutaona kwamba mashabiki hutumia vipimo vitatu. Cha kwanza ni makombe ya Ulaya. Shirikisho la Ulaya lenyewe hutumia kipimo cha jinsi hii, kwa kujumlisha alama za vilabu vya kila nchi katika misimu mitano na kuzigawa kwa idadi ya vilabu hivyo.

Kipimo cha pili ni usawa wa ligi: ligi yenye nguvu ni ile ambayo timu ya chini yaweza kuifunga ya juu. Leicester ilipotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, watetezi wa ligi hiyo walipata ushahidi wao. Lakini wapinzani wanaweza kujibu kwa mfano wa Bayern, iliyotwaa ubingwa wa Ujerumani mara kumi na moja mfululizo, 2013 hadi 2023. Ligi isiyo na usawa ilitoa timu iliyoifunga Barcelona 8-2 mwaka 2020.

Kipimo cha tatu ni majina makubwa, na majina makubwa hufuata fedha. Kila kipimo kina ukweli wake, na kila kimoja hupingwa na kingine. Ndiyo maana ubishi hauishi. Mwanafunzi wa mantiki angefaidika kuusikiliza, kwa sababu humo mtu hulazimika kutoa ushahidi, kutaja mwaka na kujibu hoja ya mwenzake papo hapo.

7. Hitimisho: kipimo cha nne

Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Katika fainali ilifungwa 3-0 na Inter ileile. Bao moja lilifungwa na Samuel Eto'o wa Kamerun, na katika klabu hiyo alikuwamo pia McDonald Mariga wa Kenya.

Jambo hili linatudai kipimo cha nne, ambacho katika mabishano hakitajwi sana: ni nani aliyemlea mchezaji? Claude Makélélé, aliyekuwa nguzo ya Real Madrid na Chelsea, alizaliwa Kinshasa. Dieumerci Mbokani alitoka Mazembe akaenda kung'ara Ubelgiji. Mbwana Samatta alivuka kutoka Simba ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi mwaka 2011, akawa bingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Njia yake ilipita katika lugha moja, kutoka pwani hadi Katanga, kabla ya kufika Ulaya.

Kwa hiyo tunaposema kwamba ligi fulani ya Ulaya ina nguvu kushinda nyingine, tunauliza maswali mawili: nani amemfunga nani, na nani ana mali ya kuwakusanya walio bora. La kwanza ni la uwanja. La pili ni la historia, sheria na uchumi. Anayeyachanganya huamini kwamba tisa kwa bila ya 1974 ni hukumu ya maumbile. Anayeyatenganisha huona kwamba nguvu ilihama kutoka Madrid hadi Liverpool, kutoka Milano hadi Barcelona, na kwamba kila ilipohama palikuwa na sababu inayoweza kutajwa.

Bati ya Manono ilichimbwa kwa nguvu za maji ya Piana-Mwanga, kisha ikasafirishwa kwenda kuwa mali mahali pengine. Vijana wanaobishana kando ya Luvua wanalifahamu jambo hilo kuliko mtu yeyote. Wanachohitaji ni kuliingiza katika ubishi wao, ili siku moja swali la ligi ipi yenye nguvu liulizwe pia kuhusu ile ya kwao.