Kutoka Standard Street hadi Chiromo

Anayetaka kujua jinsi picha za Afrika Mashariki zilivyofika Ulaya aanzie Standard Street, katikati ya Nairobi, penye Lonrho House. Humo, kwa miaka mingi, ndimo ilimokuwa Gallery Watatu, iliyoanzishwa 1969 na wasanii Yony Waite, Robin Anderson na David Hart. Katikati ya miaka ya 1980 ilichukuliwa na Ruth Schaffner, mzaliwa wa Ujerumani ambaye tayari alikuwa amefanya biashara ya picha huko California.

Nimeifuata njia hii kwa miguu kwa sababu ya Jak Katarikawe. Alizaliwa Kigezi, Uganda, hakujua kusoma wala kuandika, na alikuwa dereva Kampala. David Cook, mwalimu wa fasihi wa Makerere, aliiona michoro yake, naye mchoraji Sam Ntiro akamtia moyo. Ntiro hakuwa mgeni wa soko: Museum of Modern Art ya New York ilinunua picha yake mwaka 1960. Baadaye Katarikawe alihamia Nairobi, akakaa Ngara, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Alichora ng'ombe wanaopendana na kuoneana wivu kama watu, rangi zao zikiyeyukiana kama ndoto ya alfajiri.

Picha hizo ziliteremka kutoka Ngara hadi kwa Schaffner. Kutundika picha ukutani ni sehemu ndogo ya kazi ya muuzaji; kubwa ni kumjua anayetafuta kitu fulani na kumfikishia. Schaffner aliwapokea waliojifunza wenyewe, watu ambao wenye vyeo vya sanaa hawakuwatazama mara mbili. Jean Pigozzi, mkusanyaji mashuhuri, ana kazi za Kivuthi Mbuno, mmoja wa wasanii wa Gallery Watatu. Johanna Agthe wa makumbusho ya Frankfurt alikuwa akikusanya sanaa ya huku tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 makumbusho hayo yalimfanyia Katarikawe maonyesho yake mwenyewe. Kwa kuwapokea wasanii hao waliojifunza wenyewe, namheshimu Schaffner bila kusita.

Alifariki 1996. Watatu ikadhoofika, mwishowe ikafunga milango. Katarikawe naye alifariki 2018 hapa Nairobi, akiwa na jina kubwa na mfuko mwepesi. Hilo linaniuma. Picha ikishauzwa mara ya kwanza, faida yote ya kupanda bei ilikuwa ya wengine.

Kutoka Ngara njia inapanda Museum Hill, inapita makumbusho ya taifa na kuingia Chiromo, mlango wa Westlands. Hapo, katika hoteli ya Villa Rosa Kempinski, mwaka 2013 Circle Art Agency ya Danda Jaroljmek iliendesha mnada wake wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki, kazi 47. Tangu hapo minada ya Circle imeuza kazi za Katarikawe pia, bei zikitangazwa mbele ya watu.

Mwaka 2019 sheria ya hakimiliki ya Kenya ilirekebishwa: kazi ya sanaa ikiuzwa tena kupitia muuzaji au mnada, msanii anastahili asilimia 5 ya bei, na akifariki, warithi wake. Basi wewe unayenunua picha Westlands, kabla ya kulipa, muulize muuzaji asilimia hiyo inamfikia nani.