Taya Linapokaza: Hoja Kuhusu Tiba ya Watafuna Mirungi Nyanda za Juu Kusini

Uyole, jijini Mbeya, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa huendelea hadi Tunduma, na nyingine hukata kushoto kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Madereva wa masafa marefu wa Afrika Mashariki wamezoea kufukuza usingizi kwa mirungi, na miongoni mwa watafunaji wapo wanaofika kwa daktari wakilalamika kwamba taya limekaza au kinywa kinakwenda upande chenyewe. Nadai hapa kwamba tiba ya mgonjwa huyu huharibika mapema, pale anapoficha alichotafuna.

Ana sababu ya kuficha. Kenya mirungi, huko ikiitwa miraa, ni zao halali, huuzwa mchana kweupe. Tanzania kukutwa nayo ni jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mashamba ya Same yamefyekwa na vyombo vya dola. Basi mgonjwa husema jino linamuuma. Jino hung'olewa, taya linabaki vilevile.

Jani bichi la mirungi lina kathinoni, jamaa wa amfetamini. Likinyauka, kathinoni hugeuka kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana wachuuzi hulifunga kwa majani ya mgomba na kulikimbiza sokoni. Kathinoni humwaga dopamini katika sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo, huku taya likirudia kazi ileile kwa saa nyingi. Ushahidi kwamba hali hiyo huzaa distonia, yaani misuli kujikaza bila hiari, umejengwa zaidi juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Hautoshi kumhukumu kila mtafunaji. Wengi wao wana uchovu wa misuli au maumivu ya kiungo cha taya, basi.

Hatari kubwa zaidi iko kwingine. Aliyezidisha mirungi anaweza kurukwa na akili: husikia sauti, hushuku kila mtu. Hospitalini huenda akachomwa haloperidoli, ambayo huziba vipokezi vya dopamini. Ndani ya siku chache taya linaweza kufunga, ulimi kutoka nje, shingo kupinda na macho kugeukia juu; vijana wa kiume ndio huathirika zaidi. Jamaa watasema ni mirungi inamtoka, au ni mapepo. Kumbe ni sindano. Prometazini au biperideni ya sindano huleta nafuu haraka, kisha benzheksoli ya vidonge hufuata kwa siku kadhaa. Anayeongeza haloperidoli kwa kudhani kichaa kimezidi anamwagia moto petroli.

Pepopunda nayo hufunga taya, na huua. Mwenye distonia mara nyingi hupata ahueni akigusa kidevu au akiuma kijiti, na mkazo hupungua usingizini. Kwa mwenye pepopunda, mguso au kelele huamsha mkakamao mpya. Mganga wa zahanati anaweza kuona tofauti hiyo bila mashine yoyote, mradi aulize pia habari za kidonda na chanjo.

Distonia ikidumu, majani yaachwe kwanza. Benzheksoli huanzwa kwa dozi ndogo, ikiangaliwa kwa sababu nayo hutumiwa vibaya. Klonazepamu husaidia baadhi. Sumu ya botulinamu ikidungwa katika misuli ya kutafunia hufanya kazi vizuri kuliko vidonge, lakini nguvu yake huisha kwa takriban miezi mitatu, huhitaji jokofu, na mkono usio na uzoefu unaweza kumwacha mgonjwa akishindwa kumeza. Sioni busara kuifanya sharti la kuanza huduma Mbeya.

Kinachowezekana sasa ni usiri. Tangu mwaka 2011, kliniki ya methadoni Muhimbili imekuwa ikimpokea mtumiaji wa heroini kama mgonjwa, na mfano huo umefika hadi Mbeya. Mtafuna mirungi naye apokelewe hivyo, apewe faili la siri, na daktari wa meno, wa akili na wa mishipa ya fahamu walisome wote kabla yeyote wao hajashika koleo au sindano.