Ayub Timbe

Ayub Timbe Masika (alizaliwa Nairobi, 1992) ni mwanasoka wa Kenya aliyecheza kama winga. Timbe alizitumia mbio zake pembeni mwa uwanja, kumpita beki na kumimina krosi.

Alikulia Ubelgiji na kupitia timu za vijana za huko kabla ya kuingia kikosi cha wakubwa cha Genk, kisha Lierse. Njia hiyo si ya mkato. Wakenya hawana ngazi kama hiyo ya timu za vijana nyumbani, na mawinga wao wengi hulazimika kuhamahama.

Mwaka 2017 Timbe alijiunga na Beijing Renhe ya China, klabu iliyopanda Ligi Kuu msimu huohuo. Iliposhuka tena mwaka 2019, alikopeshwa Reading, daraja la pili Uingereza, Januari 2020. Baadaye alikwenda Vissel Kobe ya Japani, alikokuwa kiungo Mhispania Andrés Iniesta, kisha Buriram United ya Thailand.

Akiwa na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, alikuwamo kikosini kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 2019 nchini Misri, ambako Kenya iliifunga Tanzania 3-2 lakini ikatolewa katika hatua ya makundi.